Kutoka Krasa hadi Lepota

Bango lilikuwa juu ya mlango wa kioo, katika Mtaa wa Marszałkowska, Warsaw: Salon urody. Nilisimama na begi langu mgongoni nikalisoma mara mbili. Kirusi nilikisoma na kukisema kwa miaka sita, na kwa Kirusi urod ni kiumbe mwenye sura mbovu, aliyeharibika tangu tumboni. Urody ni wingi wake, na ni tusi. Nyuma ya kioo dada mmoja alikuwa akipakwa rangi ya kucha, mwingine kafungwa taulo kichwani akisubiri nywele zishike dawa. Ilikuwa saluni ya kina mama, sawasawa na saluni za Kinondoni.

Jioni nilimwuliza mama mwenye nyumba niliyopanga chumba. Umri wake ni miaka sabini na ushee, na kama Wapolandi wengi wa rika lake alilazimishwa kusoma Kirusi shuleni, hivyo tulielewana. Hakunijibu papo hapo. Alifungua droo ya kabati, akatoa picha ya mjukuu wake aliyevaa gauni jeupe la komunio ya kwanza, akaiweka juu ya meza na kuigonga kwa kidole. "Co za uroda!" akasema. Kisha akageukia Kirusi: "Hili, bwana, kwetu ndilo neno la kumsifia mtoto. Kwao ndilo la kumtukania."

Safari hii niliipanga kwa ajili ya neno moja tu, neno la uzuri. Warusi, Waukraini, Wabelarusi, Wapolandi, Wacheki, Waslovakia, Waslovenia, Wakroatia, Waserbia, Wabulgaria na wenzao husema lugha ambazo kama miaka 1500 iliyopita zilikuwa bado lugha moja, na undugu huo unasikika hadi leo. Maji ni voda kuanzia Vladivostok hadi Ljubljana. Wapolandi huandika woda. Mkono, samaki, usiku, mbili, tatu: ukiwa na Kirusi mfukoni utapapasapapasa na utafika. Lakini ukitaka kukisifia kitu kwa uzuri wake, ndugu hawa wanatawanyika. Mmoja anakwambia krasota, mwingine uroda, mwingine lepota, mwingine prygazhosc. Jambo hili limenikaa rohoni kwa miaka arobaini.

Lilianzia Moscow. Nilifika huko Septemba 1983, kijana wa Muheza ambaye hajawahi kuvaa koti, kusoma katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kile kilichofunguliwa 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu, asubuhi hadi jioni. Mwalimu wetu, mama mwembamba mwenye kofia ya manyoya, alitupeleka siku moja ya Desemba kwenye Krasnaya Ploshchad, ule uwanja ambao redio zetu huuita Uwanja Mwekundu. Theluji ilikuwa imelala juu ya mawe. Akatuuliza: "Nani anauona wekundu hapa?"

Mmoja wetu akajibu kwamba ni bendera. Mwalimu akatikisa kichwa. Uwanja una jina hilo tangu karne ya 17, wakati hakuna aliyeota habari za bendera hizo. Mwingine akasema ni matofali ya ukuta wa Kremlin. Akatikisa kichwa tena, akatueleza kwamba kwa muda mrefu ukuta ule ulipakwa chokaa ukawa mweupe. Ndipo akatufundisha jambo ambalo sijalisahau. Krasny, ambalo leo kwa Kirusi ni rangi nyekundu, zamani lilikuwa na maana ya kizuri, chenye kupendeza. Uwanja ule ni Uwanja Mzuri. Rangi ndiyo iliyokuja baadaye ikalikalia neno, kwa sababu kwa macho ya Warusi wa zamani hakukuwa na rangi nzuri kuishinda nyekundu, na uzuri wenyewe ukabidi utafutiwe umbo jingine la neno hilohilo: krasivy, krasota, prekrasny. Ila maana ya kale haikutoka kabisa. Msichana wa hadithi za bibi zao bado ni krasnaya devitsa, na hakuna Mrusi anayemwona ni mwekundu. Katika nyumba ya magogo ya kijijini, kona iliyowekwa picha takatifu na taulo la kudarizi, kona inayotazamana kimshazari na jiko, huitwa krasny ugol. Mgeni wa heshima hukalishwa hapo.

Kabla ya kuitwa Krasnaya uwanja huo ulikuwa na majina mengine. Uliitwa Torg, yaani soko. Uliitwa pia Pozhar, yaani moto, kwa sababu ya moto ulioteketeza vibanda vya mbao vilivyokuwa vimeuzunguka. Jina hili la pili lilinirudia miaka mingi baadaye nilipokuwa nikisoma kamusi ya Max Vasmer. Huyu alizaliwa St. Petersburg mwaka 1886, akaishi na kufundisha Berlin, na huko akakusanya kadi kwa kadi asili ya maneno ya Kirusi. Mwanzoni mwa 1944 mabomu yakaiteketeza nyumba yake pamoja na maktaba na kadi zake. Akaanza upya, na kamusi ikatoka kati ya 1950 na 1958. Kila nikiifungua napata heshima ya mtu anayeingia nyumba iliyojengwa juu ya majivu. Kuhusu krasa, neno mama la krasota, wanaisimu hawajaafikiana, lakini wengi wanalisogeza karibu na moto: wapo wanaolihusisha na kresati, kupiga jiwe litoe cheche, na wapo wanaolilinganisha na krosnis ya Kilithuania, ambayo ni tanuri. Kama hivyo ndivyo, basi kizuri hapo mwanzo kilikuwa kile kinachong'ara. Mswahili hashangai. Msichana akitoka na gauni jipya siku ya Idi tunamwambia amewaka.

Huko Warsaw, basi, nililala nikiwa na uroda kichwani, na asubuhi nikakaa nalo kwenye benchi. Ndani yake mna rod, mzizi wa kuzaa, ambao umetapakaa katika lugha hizi zote. Kwa Kipolandi rodzina ni familia, urodziny ni siku ya kuzaliwa, urodzaj ni mavuno mema. Kwa Wacheki úroda ni mazao yenyewe. Uroda ni uzuri wa kuzaliwa nao, uzuri wa mtu ambaye mwili wake umekubali kama shamba linavyokubali katika mwaka wa mvua njema. Sisi tungesema kaumbika. Neno la Kirusi nalo lina mzizi uleule wa kuzaa, ila kiambishi chake ni kingine. Zamani kilitamkwa kwa sauti ya puani na kilikuwa na maana ya upungufu. Warusi wakaipoteza sauti ya puani, kikabaki u kama kile kingine, na maneno mawili yanayopingana yakavaa nguo moja.

Na hapa ndipo Moscow iliponirudia tena, maana pembeni mwa Uwanja Mzuri limesimama lile kanisa lenye kuba za rangirangi. Ivan wa Kutisha alilijenga kati ya 1555 na 1561, baada ya kuuteka mji wa Kazan, na watu wakalizoea kwa jina la Vasily, mtakatifu aliyezikwa hapo. Vasily alikuwa yurodivy, yaani mcha Mungu aliyejitia upunguani kwa ajili ya imani, akitembea bila nguo katika baridi ile. Yurodivy na urod ni neno moja katika matamshi mawili. Uwanja una jina la uzuri, na kanisa lake lina jina la mtu aliyeitwa mwenye kasoro ya kuzaliwa. Watu wamepita hapo karne kwa karne, na nina hakika wengi wao waliona vyote viwili vinastahiliana.

Treni ya Warsaw kwenda Prague inachukua mwendo wa saa nane hivi. Mkabala nami alikaa mama wa Kiukraini pamoja na mwanawe wa miaka mitano au sita. Nilimsalimu kwa Kirusi kwa mazoea. Akanitazama kidogo, akaniambia kwa upole kwamba anatoka Kharkiv, kwamba Kirusi amekisema tangu utotoni, na kwamba sasa hakisemi. Niliomba radhi. Tukaendelea hivyo, yeye kwa Kiukraini cha polepole, mimi kwa Kipolandi cha siku kumi kilichojaa matundu, na kwa vidole. Mtoto alikuwa akichora nyumba. Alipofika kwenye paa akanyoosha mkono bila kuinua macho: "Chervony!" Mama akampa kalamu ya rangi nyekundu.

Kalamu ile ilinipa nusu nyingine ya kisa. Warusi walipoigeuza krasny kuwa nyekundu, ndugu zao hawakuwafuata. Waukraini husema chervony, Wapolandi czerwony, Wacheki červený, Wabulgaria cherven, Waserbia na Wakroatia crven, na ndani ya maneno haya yote anatambaa mdudu, cherv. Katika mizizi ya majani fulani ya kichangani huishi kidudu kidogo cha duara kama mbegu, ambacho Wapolandi wanakiita czerwiec. Walikichimba na kukikusanya mwishoni mwa Juni, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yohane, wakakikausha na kukisaga, na unga wake ukatia nguo wekundu. Kwa muda mrefu rangi hiyo iliuzwa nchi za mbali, mpaka katika karne ya 16 Wahispania walipoanza kuleta kidudu kingine kutoka Mexico chenye rangi nyingi zaidi, biashara ikadidimia. Lakini kidudu kimebaki kwenye kalenda. Juni kwa Kipolandi ni czerwiec, kwa Kiukraini cherven, na kwa Kicheki ni červen, na Julai yao ni červenec. Mambo haya tunayajua sana sisi ambao kijivu chetu kimetoka kwenye majivu, kahawia kwenye kahawa na zambarau kwenye tunda.

Yule mama nilimwuliza neno la uzuri. Alinipa matatu kwa mpigo. Krasa, ambayo kwao ni uzuri tu na haijawahi kugusa wekundu. Vroda, ndugu wa uroda, na hapo akaongeza vrozhai, mavuno, akachora kwa kiganja shamba la ngano linaloyumba. Na harno, neno la kila siku, la chai iliyokolea na la shuka lililokunjwa vizuri. Alipotaja mavuno alinyamaza, akatazama dirishani kwa muda. Sikuuliza kitu.

Prague niliipenda zaidi siku ya Jumamosi, kwenye soko la wakulima la Náplavka, chini kabisa ya ukingo wa mto Vltava. Ilikuwa Juni, červen, na mauzo makubwa yalikuwa ya stroberi. Kijana mmoja alikuwa ameandika kwa chaki: krásné čerstvé jahody. Nilizitazama kwa karibu. Zilikuwa bado na vumbi la shamba, vikonyo vyake vibichi, nyingine zimegongana zikatoa maji yaliyolowesha ubao. Sikio la Kirusi linasikia pale stroberi nyekundu zilizochina, maana cherstvy kwa Kirusi ni mkate uliolala siku tatu ukawa mkavu. Kicheki kinasema ni nzuri na zimetoka shambani sasa hivi. Nilinunua nusu kilo nikala nimesimama. Huko Cheki krása imebaki pale ilipokuwa kabla Moscow haijaipaka rangi, na kila nilipoisikia, kwenye tramu, dukani, mama akimbembeleza mwanawe, nilijihisi kama mtu aliyemjua mzee fulani uzeeni tu, kisha akaoneshwa picha yake ya ujanani.

Kutoka Prague nilishuka kusini kupitia Austria. Katika safari hiyo ndefu nilikuwa na muda wa kufikiria neno letu wenyewe. Wasomaji wangu wa Kirusi, nilipokuwa nikiwafasiria makala za Kiswahili, walikuwa wakiniuliza: hii nzuri ni nzuri ya sura au ya tabia? Sikuwa na jibu fupi. Sura nzuri, habari nzuri, tabia nzuri, chakula kizuri. Mswahili hakutaka kuvigawa. Nilidhani jambo hili ni letu peke yetu mpaka nilipokutana na kitabu cha watawa wa Kiorthodoksi kiitwacho Philokalia, kilichochapwa Venice mwaka 1782. Jina lake la Kigiriki ni mapenzi ya uzuri. Tafsiri yake katika Kislavi cha Kanisa ilitoka Moscow mwaka 1793, kazi ya mtawa Paisius Velichkovsky, ikaitwa Dobrotolyubie, na dobrota kwa Mrusi wa leo ni wema. Mtawa hakukosea. Katika lugha ile ya ibada dobrota ilibeba wema na uzuri pamoja, kama kapu moja la ukindu lenye nazi na embe. Baadaye ndipo Warusi walipovitenga, wema ukaenda huku na uzuri kule. Kusema kweli naona walipoteza kitu, na namshukuru Mungu kwamba sisi hatujakipoteza.

Ya Bulgaria na Macedonia Kaskazini sikuyafikia. Huko watu wanasema hubav na ubav. Prygazhosc ya Wabelarusi nayo imezaliwa na mzizi wa kufaa, wa kitu kilichokuja kwa wakati wake.

Slovenia nilifika nikiwa na tumaini la kitoto kidogo. Magharibi mwa nchi hiyo kuna uwanda wa juu unaoitwa Kras, na nilitamani sana jina hilo liwe ndugu wa krasa. Si ndugu. Ni jina la kale kuliko Waslavi wenyewe kufika huko, na mzizi wake hurudishwa kwenye jiwe. Jiwe lenyewe ni la chokaa, limelika kwa maji mpaka limejaa mapango, na kutoka hapo wanajiolojia wa dunia nzima wamepata neno karsti, ambalo hutumika hata kwa mapango yetu ya Amboni kule Tanga. Nilishuka stesheni ya Divača, nikatembea hadi mapango ya Škocjan, ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1986. Mto Reka unaingia chini ya mwamba na kutoweka, na sauti yake unaisikia gizani kabla hujauona. Kila kitu kilikuwa kimelowa. Daftari langu, lenye maneno ya wiki tatu, lilikuwa mfukoni mwa koti, na nilipotoka nje jalada lilikuwa limebanduka.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, Ljubljana, niliingia katika duka dogo la karatasi na kalamu kutafuta gundi. Nilikuwa nimefungua kamusi kabla ya kutoka, na nikawa nimesimama nayo barazani muda mrefu. Gundi ni lepilo. Kubandika ni lepiti. Kizuri ni lep, uzuri ni lepota, na mtu akikushukuru kwa moyo anasema hvala lepa. Hayakufanana kwa bahati. Lěpъ ya Waslavi wa kale ilikuwa kile kilichoshika, kilichoambatana, kilichokaa mahali pake, na kutoka hapo ikawa kile kinachofaa, na kutoka hapo kizuri. Waserbia na Wakroatia wanalo vilevile, lepota kwa hawa, ljepota kwa wale. Warusi waliliacha likafa, wakabaki na kukana kwake, nelepy, jambo lisiloshikana, la kipuuzi, na wakabaki na kitenzi lepit, cha kufinyanga udongo na cha kufunga pelmeni, vidonge vya unga vyenye nyama ndani, kwa ncha za vidole. Wapolandi wana lepianka, nyumba ya udongo.

Nyumba ya udongo ilinikalisha chini. Bibi yangu Muheza alikuwa akiikandika nyumba yake kila mwaka kabla ya mvua. Fito zilikuwa zimeshafungwa. Yeye alichota udongo mwekundu uliokanyagwa na maji, akautupa kwa nguvu katikati ya fito, kisha akausawazisha kwa kiganja kilicholowa, akirudia palepale mpaka ukuta ukaanza kung'aa kwa maji. Alikuwa akirudi nyuma hatua mbili, mikono imemtapakaa mpaka viwikoni, akitazama. Kama udongo haudondoki, alisema neno moja: "Imekaa." Neno hilohilo alilitumia mjini, dirishani kwa fundi cherehani, shangazi yangu alipojaribu gauni la harusi. Imekukaa, mwanangu. Sikumsikia akitumia neno jingine la sifa lenye uzito kuliko hilo.

Mama wa dukani alikuwa na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilimwambia lepilo, prosim, nikamwonesha daftari. Alilichukua kabla sijatoa pesa, akalilaza juu ya kaunta, akapuliza vumbi la mgongoni mwake. Akachagua chupa ndogo, akaifungua kwa meno, akapitisha mstari mwembamba mweupe kando ya uzi wa jalada. Kisha akalikunja na kulibana kwa vidole gumba viwili, kimya, macho yakiwa mlangoni, kama anayehesabu. Wateja wawili waliingia nyuma yangu wakasubiri, na hakuna aliyeguna.

Alipoachia, alilishika daftari kwa jalada lake peke yake akalining'iniza kichwa chini juu ya kaunta. Kurasa zikachanua, zikatikisika kidogo, hazikutoka.

"Lepo," akasema, akanirudishia.